MREJESHO: Shangazi na safari ya kuzungumza na marehemu mumewe

Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje, shangazi anataka kumlipa mganga ampandishe marehemu mumewe, aseme hati ya kiwanja aliiweka wapi. Wengi mlinishauri nisibishane naye, nimsindikize tu. Nikamsindikiza.

Mganga ni mama wa makamo, hapa hapa Unguja. Ubani ukafukizwa, akatetemeka kidogo, sauti ikawa nzito. Akamwita shangazi "mke wangu mpenzi". Jamani! Yule mzee miaka yote alimwita "mama watoto", tena kwa kufoka. Shangazi akanitupia jicho, mimi nikainamia mkeka.

Lakini aliyemaliza mambo si mimi na elimu yangu, ni bibi. Enzi zake alikuwa kiti, yaani mtu anayepandwa na pepo, wa kibuki, ile ngoma ambayo mapepo yake husemwa ni wafalme wa Madagaska, wakipanda wanataka brandi. Nilidhani atamtetea mganga. Akasema: "Mwanangu, pepo hupanda, nawajua. Mumeo yuko barzakhi, wanakongojea wafu hadi kiyama, ana yake ya kujibu huko. Hawezi kuja kutafuta makaratasi." Sasa wale wafalme si maiti pia? Nilimuuliza, akaniambia ninyamaze, ninywe chai.

Basi nikanywa. Laki mbili za mganga hazikurudi, na hati hatujaiona; tumeanza kufuatilia nakala ofisi ya ardhi. Ijumaa tunamsomea hitima, na shangazi kakataa mpishi wa kukodi, pilau anapika mwenyewe.