Mjadala: Shamba la mikorosho liuzwe ili kijana akasomee mawasiliano?

Wakuu wa Mtwara na Lindi, nanyi mliotoka huku mkatawanyika, naombeni mawazo. Mpwa wangu wa Masasi kamaliza kidato cha sita, anataka shahada ya mawasiliano ya umma Dar es Salaam. Mama yake yuko tayari kuuza ekari tatu za mikorosho alizoachiwa na bibi. Kwetu Wamakonde neno la mjomba lina uzito, hivyo dada kalileta kwangu: "Kaka, sema wewe." Mimi nasema shamba lisiuzwe. Nipingeni kwa hoja.

Hesabu kwanza. Ada ya chuo alichochagua ni milioni 1.4 kwa mwaka. Chumba 50,000 kwa mwezi, miezi kumi, 500,000. Chakula 5,000 kwa siku kwa siku 300, milioni 1.5. Jumla milioni 3.4, kwa miaka mitatu milioni 10.2, na hapo sijagusa nauli, bando, kompyuta wala mafunzo kwa vitendo, ambayo unafanya kazi ya watu kwa nauli yako.

Mapato sasa. Mimi ninayo shahada hiyo. Redio ya kwanza kunichukua, huku huku Kusini, tulipatana 200,000 kwa mwezi. Mwezi wa tatu nikapewa 80,000 na maneno: "Vumilia, matangazo yakiingia tutakumalizia." Hadi leo sijamaliziwa. Nikahamia kuandikia gazeti kwa kulipwa kila habari inayotoka. Isipotoka, nauli ya Tandahimba imekula kwako. Ndiyo maana wenzetu wengi wanaishi kwa bahasha za semina, yaani fedha wanazopewa na waandaaji. Mtu aliyekula bahasha ya mkubwa jioni, asubuhi atamwandika vipi? Hili linaniuma, kwa sababu kazi yenyewe naipenda.

Naipenda kwa mambo kama haya: siku moja kwenye mnada wa korosho, nimesimama kando ya ghala na simu mkononi, nasoma bei mubashara, ya juu na ya chini. Nilipomaliza, mzee aliyekaa kwenye gunia pembeni yangu akaniomba kalamu. Akaandika bei kwenye kiganja, tarakimu kubwa kubwa, akakipuliza wino ukauke. "Nikifika kijijini karani hanidanganyi," akasema.

Kazi hiyo haidai shahada. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kwa kanuni zake za 2017, inataka mwandishi awe na angalau stashahada. Kijana asome stashahada miaka miwili, aingie kazini, shahada aifuate baadaye Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Mtwara.

JIBU, kutoka Lindi:
Mjomba, umeongelea redio na magazeti, serikalini umeparuka. Mimi ni afisa habari wa halmashauri. Afisa Habari Daraja la II anaingia na shahada, anaanzia TGS D, ngazi ya mshahara serikalini, na mshahara unafika kila mwezi. Mwenye stashahada mlango huo haumfungukii. Halafu mkopo. Bodi ya Mikopo inakopesha shahada. Mikopo ya stashahada ilipoanza mwaka 2023/24 ilielekezwa kwenye fani kama afya, ualimu wa sayansi, kilimo, nishati na usafirishaji. Uandishi haukuwemo. Sasa hiyo stashahada yako italipwa na nani kama si shamba lile lile?

JIBU, kutoka Newala:
Baba, mimi niliuza. Ekari mbili, mwaka 2015, binti akasome mambo haya haya. Kasoma kweli na kafaulu, simlaumu. Sasa anauza vitenge Mtwara mjini. Msimu wa 2024 korosho ilipovuka 4,000 kwa kilo mnadani, aliyenunua shamba langu alinipigia simu nimtafutie watu wa kuokota. Nikaenda kuokota mwenyewe, chini ya mikorosho aliyoipanda mama yangu.

MWANZISHA MADA:
Mama wa Newala, pole sana. Nimekusoma mara tatu.

Kaka wa Lindi, kwenye mkopo umenishinda, nafuta ushauri wangu wa stashahada. Lakini tuhesabu na viti. Mtwara ina halmashauri tisa, Lindi sita. Jumla 15. Kila moja inahitaji maafisa habari wangapi? Wawili, watatu? Na aliyekalia kiti leo hastaafu kesho. Kijana atagombea nchi nzima na wahitimu wa kila chuo. Nafasi ipo, ila si ya kuiwekea rehani ardhi.

Mkopo nao unalipwa. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwenye 500,000 ni 75,000 kila mwezi. Inauma, lakini makato hayo yanasubiri mshahara uwepo kwanza. Ardhi ukishaisaini imeondoka, kijana apate kazi asipate.

Kwa hiyo Ijumaa nitamwambia dada hivi: kijana aombe mkopo. Akipata, aende shahada moja kwa moja, na pale mkopo utakapopelea mikorosho ikodishwe msimu mmoja mmoja, hati ya shamba ibaki sandukuni. Asipopata, akae mwaka mmoja, ajitolee redio ya jamii ajue kuhariri sauti na kuandika taarifa ya habari, aombe tena. Najua atanuna. Ana miaka 19.

Nina swali moja kwa wenye watoto vyuoni: aliyepata mkopo kwa fani hii ya mawasiliano miaka hii miwili mitatu, kapewa asilimia ngapi, na kilichobaki mmekitoa wapi?