Saa moja ya watoto kila jioni: tuilazimishe kwa sheria au tuachane nayo?

Fundi wa Kibuye, Kisumu (mwanzishaji)

Hodi wanajukwaa. Hoja yangu ni hii: kila kituo cha televisheni cha bure kilazimishwe kisheria kutenga saa moja, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa ajili ya watoto. Vipindi viwe vimetengenezwa Afrika Mashariki, kwa Kiswahili au kwa lugha za nyumbani. Anayepinga aje na sababu, matusi ayaache huko huko.

Mimi ni fundi wa redio na TV. Nilianza enzi za Great Wall nyeusi na nyeupe, ile iliyokula betri ya gari. Kwetu Seme betri ilipelekwa sokoni kwa baiskeli ikachajiwe, na ikirudi, boma la mwenye TV lilijaa watoto hadi dirishani. Tulitazama nini? Vitimbi, Vioja Mahakamani, mieleka, taarifa ya habari. Tulicheka wakubwa walipocheka, hata pale ambapo hatukuelewa kilichowachekesha. Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962, na mimi utoto wangu wote sikumbuki kukaa mbele ya kipindi nikahisi kwamba huyu anaongea na mimi.

Sasa binti yangu ana miaka sita. Akitoka shule anabonyeza rimoti: hapa tamthilia ya Kimexico iliyotiwa Kiingereza, pale muziki wa madijei, kwingine mhubiri. Akichoka anaomba simu ya mamake, na humo sijui anaingia wapi.

Halafu msiniambie haiwezekani. Ubongo Kids, katuni ya watoto, ilianza Dar es Salaam mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Watu hao hao wakaleta Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Tangu amjue Akili, binti yangu haniambii tena "nipe maji". Anasema "naomba maji". Mara ya kwanza mamake alidhani anamdhihaki.

Mwalimu wa chekechea, Kakamega

Fundi, kwanza wewe una maslahi. TV zikiwashwa sana zitaharibika sana, na sote tunajua zitaletwa kwa nani.

Nikiacha utani, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Wewe saa hiyo unataka kuimaliza yote jioni, kana kwamba asubuhi hakutazama chochote. Ninaowapokea mimi wanaweza kuimba wimbo wa tangazo la sabuni mwanzo hadi mwisho, lakini ukimuuliza "jana mlikula nini?" anakukodolea macho. Hajazoea kuulizwa swali na mtu anayengoja jibu.

Mama mkwe wangu ni Mluo wa Alego. Aliwahi kulala siwindhe, nyumba ya bibi mzee waliyemwita pim, ambako watoto walikusanyika usiku kwa sigana, yaani hadithi, na vitendawili. Anasema pim alikuwa anakatiza hadithi katikati na kunyamaza. Kama hakuna aliyeitikia, haendelei. Mtoto aliyesinzia aliamshwa na kimya. Niambieni ni TV gani inayojua kunyamaza.

Mhariri wa video, Nakuru

Mwalimu, ipo. Mwaka 1996 kituo cha Nickelodeon cha Marekani kilianza kipindi kiitwacho Blue's Clues. Mtangazaji anauliza swali, kisha anatazama kamera na kunyamaza kwa muda ambao mtu mzima anaona umezidi, ili mtoto aliye nyumbani ajibu. Pim huyo huyo, ila huyu hawezi kujua kama umesinzia.

Fundi, lengo lako ni langu, lakini sheria yako naipinga, na sababu yangu ina historia. Marekani walipitisha sheria ya televisheni ya watoto mwaka 1990: kituo kikitaka leseni yake iendelee, kionyeshe kwamba kinahudumia elimu ya watoto. Vituo vilifanya nini? Vilichukua katuni za zamani vilizokuwa vinaonyesha tayari, vikaziandika kwenye fomu kuwa ni elimu. The Flintstones, watu wa mapangoni wanaoendesha gari kwa miguu, elimu! The Jetsons eti inafundisha maisha ya karne ijayo. Ilibidi mwaka 1996 serikali ibane na kusema wazi saa tatu kwa wiki, na ieleze kipindi cha elimu ni kipi. Leteni sheria hiyo hapa muone: saa kumi utawekewa marudio ya mashindano ya kwaya za shule, kazi imekwisha.

Shida ni nani analipa. Dakika moja ya katuni nzuri ni siku nyingi za watu wengi: mwandishi, wachoraji, wa sauti, wa kusogeza picha, mwalimu wa kukagua. Tamthilia ya nje inanunuliwa ikiwa tayari, na matangazo yanakuja. Hata Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha Marekani kinachosifiwa kote duniani, hakikutokana na sheria. Mwaka 1966 bwana mmoja wa wakfu wa Carnegie, Lloyd Morrisett, alisimulia mezani kwa Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa televisheni, jinsi binti yake wa miaka mitatu alivyokuwa akiamka alfajiri na kukaa mbele ya TV kabla vipindi havijaanza, akitazama ile picha ya majaribio tu. Wakajiuliza, kama anaweza kutazama hiyo, si tumpe kitu? Wakatafuta takriban dola milioni 8, karibu nusu kutoka serikalini, ndipo kikaanza tarehe 10 Novemba 1969.

Na sisi mikono tunayo. Katuni ya Tinga Tinga Tales, ya hadithi za wanyama, ilichorwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Lakini mlipaji alikuwa ng'ambo, kwa hiyo sungura na kobe wetu walizungumza Kiingereza.

Mama Mitumba, Bungoma

Mimi naona mmesahau jambo. Ukiipa serikali nguvu ya kusema mtoto atazame nini, umeipa pia ya kusema asitazame nini, na hiyo ya pili ndiyo inayoipenda. Kanuni tayari zinakataza mambo ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Haya. Mwaka 2017 bodi ya filamu ikapiga marufuku katuni sita, The Loud House na Adventure Time zikiwemo, ikisema zinaeneza ushoga. Redioni watu walibishana wiki nzima. Mtaani kwangu hakukuwa na nyumba moja yenye king'amuzi cha kulipia! Tuligombea katuni ambazo watoto wetu hawajawahi kuziona, na hao hao watoto wakati huo wako kwenye kibanda cha video wanatazama sinema za bunduki zilizotafsiriwa na dijei.

Tena tangu Machi 2020, shule zilipofungwa kwa korona, kuna Akili Kids!, kituo kizima cha watoto, cha bure. Kama kipo, vingine vinalazimishwa kwa nini?

Na hizo lugha za nyumbani, fundi, ni zipi? Lubukusu kitapata dakika ngapi? Au ni Dholuo na Kikuyu halafu sisi tutaambiwa tungoje?

Fundi wa Kibuye

Dada, kituo kipo, sawa, lakini rimoti haiko mkononi mwa mtoto. Nyumbani iko kwa shangazi. Saluni iko kwa mwenye saluni, hotelini kwa keshia. Mtoto hutazama kile ambacho mkubwa ameacha kikiwa kinaonyesha, ndiyo maana nataka kimkute kwenye vituo vikubwa, si kwenye namba ambayo hakuna anayeibonyeza.

Kuhusu pesa, mhariri umenishinda nusu. Lakini kuna ule Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa na kampuni za mawasiliano. Unajenga minara mahali ambapo mtandao haufiki. Mnara ukishafika, unapitisha nini?

Muuguzi mstaafu, Siaya

Nimesoma kimya, nina jambo moja tu. Mwaka 2002 Afrika Kusini, katika toleo lao la Sesame, walimleta kikaragosi aitwaye Kami. Msichana wa miaka mitano, yatima, anaishi na virusi vya UKIMWI, anacheza na wenzake kama kawaida. Kuna wakubwa huko Marekani waliopiga kelele kuwa watoto hawapaswi kuona hayo.

Miaka hiyo mimi nilikuwa wodini hapa Nyanza. Watoto waliletwa na nyanya zao, wanameza dawa ambazo hakuna aliyewaambia ni za nini. Shuleni wenzao hawakutaka kukaa nao dawati moja. Sikuwa na picha, sikuwa na kitabu, sikuwa na neno la Dholuo la kumwambia mtoto wa miaka sita bila kumtisha. Wangetuletea Kami dakika kumi tu kwa wiki, kwa lugha ambayo nyanya anaisikia. Yule nyanya alimhitaji kuliko hata mtoto.

Kwa hiyo anayesema soko litaamua, aniambie ni mtangazaji gani wa sabuni angelipia hicho kipindi.

Mwalimu wa chekechea, Kakamega

Mama, hapo umenigusa. Nakubali nusu saa, saa moja hapana, na iwe jioni mkubwa akiwa nyumbani. Na msiende kununua hadithi mbali. Simbi Nyaima iko hapo Kendu Bay, ziwa zima lililotokea pale bibi kizee aliponyimwa makao na chakula. Lakini najua mtakachofanya: mtampa yule bibi sauti tamu na mwisho mtawaokoa wanakijiji wote. Pim hakumwokoa mtu. Kijiji kilizama.

Mhariri wa video, Nakuru

Kizame. Nitakichora kikizama, mradi kuna wa kulipa.

Mama Mitumba, Bungoma

Bado sijaambiwa dakika za Lubukusu.

Fundi wa Kibuye

Dada, za Lubukusu sina jibu, nisikudanganye. Nusu saa ya mwalimu naichukua. Sheria siiachi, ila iandike wazi kipindi cha watoto ni kipi, tusije tukaletewa kwaya.

Nirudi kazini. Kuna mteja ameleta TV bapa isiyoshika mawimbi, amekuja na mjukuu wake. Tangu niiwashe mtoto hajaondoa macho, na hakuna kinachoonyeshwa zaidi ya yale maandishi ya kukosa mawimbi yanayorukaruka kutoka pembe hadi pembe. Nimemuuliza anatazama nini. Amesema anangoja yaguse kona.