Vioo viwili dirishani vinapunguza joto kweli?

Asalaam alaykum jamani, nipo Fuoni, chumba cha magharibi kuanzia saa tisa jua linapiga kioo mpaka pazia ukilishika la moto, AC haizimwi na umeme unakwisha mbio. Fundi kasema nivue vioo vya kawaida niweke vile viwili vyenye hewa katikati, vitafaa?

Jibu: Waalaykum salaam. Vinafaa kama unatumia AC na madirisha unafunga, ukiwa mtu wa kufungua upepo wa kaskazi uingie usipoteze pesa. Halafu ile hewa katikati inazuia joto la nje lisipite, lakini jua lenyewe linapenya vilevile, kwa hiyo ulizia kioo chenye utando wa kurudisha joto, na kwanza weka kivuli kwa nje.

Jibu: Mimi Bububu, changu mwaka wa pili tu kimeingia ukungu, nafuta ndani nafuta nje hautoki, kumbe uko katikati, gundi ya pembeni imeachia. Hapo unabadilisha kioo kizima, kagua pembeni kabla hujalipa wallahi.

Ahsanteni sana, basi naanza na kivuli.