Vidonge vya Kichina vya kisukari: nitachunguzaje kama ni salama na kama vinatibu kweli?

Mwana wa Pasua, Moshi

Wanajukwaa, naomba ushauri. Mama yangu ana miaka 67 na ana kisukari. Anatumia metfomini na dawa ya presha alizoandikiwa kliniki. Mwezi uliopita aliuziwa chupa mbili za vidonge vidogo vyeusi, vyenye maandishi ya Kichina peke yake, akaambiwa kwamba ni mitishamba mitupu na kwamba imetumika kwa maelfu ya miaka. Ndani ya siku chache sukari yake ilishuka kutoka 13 hadi 6, akafurahi sana. Lakini juzi alfajiri tulimkuta anatetemeka, jasho linamtiririka na maneno yake hayaeleweki, mpaka tulipomnywesha maji ya sukari ndipo akarudi katika hali yake. Muuzaji anasema hizo ni sumu zinazotoka mwilini. Mimi sidharau tiba asili, kwa kuwa bibi yetu wa Kibosho alitulea kwa majani na mizizi, wala sitaki kumvunjia mama heshima mbele ya rafiki zake. Ninachotaka kujua ni namna mtu asiye daktari anavyoweza kuchunguza dawa kama hii.

Mfamasia, Arusha

Pole sana, ndugu yangu. Kabla ya uchunguzi wowote, mama asimeze tena vidonge hivyo, na leo hii apelekwe kliniki pamoja na chupa yenyewe. Dalili ulizoeleza ni za sukari kushuka kupita kiasi, jambo ambalo metfomini ikitumika peke yake hulisababisha kwa nadra.

Mtishamba unaoshusha sukari haraka namna hiyo unanitia shaka kwamba umechanganywa na dawa ya hospitali ya kushusha sukari, hasa glibenklamaidi. Huko China kuna vidonge vilivyosajiliwa, Xiaoke Wan, ambavyo vina mitishamba na glibenklamaidi ndani yake, na mtu asiyesoma Kichina hawezi kulijua hilo. Kibaya zaidi ni dawa ambazo kiambato hicho hakitajwi kabisa. Mwaka 2008 nchini Singapore zaidi ya watu 100 waliugua kwa sukari kushuka, na 4 kati yao wakafariki, na uchunguzi ukagundua glibenklamaidi iliyofichwa katika dawa haramu, nyingi zikiwa za kuongeza nguvu za kiume. Kwa hiyo swali la kwanza ni kilichomo ndani ya chupa, na jibu lake hutoka maabara. Iwapo dawa haionekani katika usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, wala wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, nunua mashaka kabla ya kununua dawa. Tukio la mama nalo liripotiwe TMDA, maana huenda wako wengine waliouziwa.

Mkulima wa Tengeru

Nakubaliana na mfamasia kuhusu mama, lakini tusiitupe tiba nzima ya Wachina. Mgongo wangu ulipata nafuu kwa tiba ya sindano, ile ya kuchomwa vijisindano vyembamba visivyo na dawa, baada ya miaka ya kumeza vidonge vya maumivu, na dawa ya mseto tunayopewa tukiugua malaria asili yake ni mmea wa China.

Mwalimu wa baiolojia, Moshi

Mzee wangu, mfano wa mseto ni mzuri, na ningependa tuutazame kwa makini. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake walikuta katika kitabu cha karne ya 4 agizo la kuloweka mmea wa qinghao katika maji na kuukamua, bila kuuchemsha. Alipotumia njia isiyo na joto kali, akapata dondoo lililowaponya wanyama wa maabara, na mwaka 1972 kiini chake, artemisinini, kikatengwa. Kitabu kilimwonyesha pa kuchimba, lakini kipimo cha dawa na usalama wake vilithibitishwa kwa majaribio, tena yeye na wenzake walianza kuimeza wenyewe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kuhusu sindano, Wajerumani walichapisha mwaka 2007 utafiti wa wagonjwa 1,162 wa mgongo. Waliopata nafuu kwa sindano za kweli walikuwa asilimia 47.6, kwa sindano za kuigiza, zilizochomwa juu juu mahali pasipo rasmi, asilimia 44.2, na kwa matibabu ya kawaida asilimia 27.4. Nafuu yako haikanushwi, ila inaonekana mahali pa kuchoma si jambo kubwa kama tunavyoambiwa. Bila lile kundi la kuigiza tusingelijua hilo, na ndiyo maana ninapotafuta utafiti katika maktaba ya Cochrane, mkusanyo wa tathmini za tafiti za tiba, natazama kwanza walilinganishwa na nani.

Hoja ya maelfu ya miaka inanisumbua zaidi. Miaka mingi humfundisha mganga madhara ya papo hapo, si yale yanayokuja polepole. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene walipewa mmea wa jamii ya Aristolochia kimakosa badala ya mwingine wenye jina linalofanana nao kwa Kichina. Zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo baadaye. Hakuna muuzaji ambaye angeliona hilo kwa macho.

Mwana wa Pasua, Moshi

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mama habari ya Singapore polepole, naye akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia twende kliniki kesho asubuhi, kwa sharti kwamba atamweleza daktari yeye mwenyewe. Chupa zote mbili nimeshaziweka katika mkoba wake.