Barakoa isiyokaa usoni na hofu ya kushindwa kumpumulisha mgonjwa

Swali

Ndugu wanataaluma, naomba ushauri kuhusu mtoto mwenye taya dogo la chini na mifupa ya mashavu ambayo haikukua sawasawa, anayetarajiwa kufanyiwa upasuaji kwa nusukaputi. Barakoa ya kumpumulishia inaacha mwanya pande zote mbili, nami nahofu kwamba akishalala sitaweza kumpumulisha. Je, nianze kwa kushughulikia mwanya huo?

Jibu la kwanza

Mwenzangu, tenganisha hewa inayovuja na njia ya hewa iliyoziba. Hewa inapovuja, mfuko wa kusukumia hewa hulegea na mvumo husikika shavuni. Hilo hutibika kwa kubadilisha barakoa au kujaza mwanya kwa shashi. Kinachotisha zaidi ni ulimi unaoangukia koromeoni kwa kuwa taya halina nafasi ya kuubeba, kwani hapo, hata barakoa ikikaa barabara, mfuko huwa mgumu kukamua, kifua hakiinuki na mchoro wa kapnografia, yaani kipimo cha kabonidioksidi katika pumzi, hulala bapa. Shika barakoa kwa mikono miwili huku ukilisukuma taya mbele, mwenzako akamue mfuko, na mrija wa kupitisha hewa uwekwe mdomoni au puani mapema. Usitegemee kukamua kwa nguvu: shinikizo likizidi takribani sentimita 20 za maji, hewa huanza kuingia tumboni, na tumbo likijaa huibana diaframu, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila uamuzi mkubwa hufanyika kabla ya hapo. Ningemlaza kwa sevoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta, akiendelea kupumua mwenyewe, na dawa ya kulegeza misuli ingesubiri. Wapo wanaosema kwamba dawa hiyo hurahisisha kumpumulisha mgonjwa, na mara nyingi ni kweli, hasa nyuzi za sauti zinapokuwa zimejifunga. Lakini kwa uso wa namna hii sipendi kuondoa pumzi ya mtoto kabla sijajua kwamba ninayo njia nyingine. Barakoa ya laringi, yaani ile ndogo inayoingizwa kooni kupitia mdomoni, iwe mezani, tayari imepakwa jeli, kwa sababu hukaa nyuma ya ulimi na haitegemei umbo la shavu. Daktari wa upasuaji anayeweza kutoboa koo ili kufungua njia ya hewa awe chumbani, si kwenye simu.

Muulizaji

Nashukuru sana. Faili linaonyesha kwamba alipokuwa mchanga alipewa nusukaputi bila tatizo lolote. Je, niitegemee kumbukumbu hiyo?

Jibu la kwanza

Kwa tahadhari. Watoto wenye hali ya Pierre Robin, yaani waliozaliwa na taya dogo la chini na ulimi unaorudi nyuma, mara nyingi hupata nafuu kadiri taya linavyokua, ilhali wenye Treacher Collins, hali ya kuzaliwa ambapo mifupa ya mashavu na taya haikui sawasawa, ambao sura unayoieleza inawakaribia, huelekea kuwa wagumu zaidi kuwekewa mrija wa koo kadiri umri unavyosonga. Muulize mzazi kama mtoto hukoroma au hushtuka usingizini akikosa pumzi, na hulala kwa mkao gani. Ikiwa hupumua vizuri kwa ubavu tu, mkao huohuo unaweza kukusaidia mezani.