Mnasema watumishi wa afya tunaogopa kompyuta, mbona hamsemi mnatuandikisha mgonjwa mmoja mara mbili?

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana hii kauli imenichosha. Kila kikao lazima ainuke mtu aseme watumishi wa afya hawako tayari kupokea mifumo ya kompyuta, wamezoea makaratasi, wanahujumu. Juzi imesemwa tena mbele yetu, na aliyesema hajawahi kukaa mapokezi ya OPD, yaani wagonjwa wa nje, hata Jumatatu moja asubuhi. Mimi ni nesi, nipo kituo kimoja huku mkoa wa Dodoma, jina la kituo silitaji. Nawaambia hivi, kompyuta hatuiogopi. Tunachokataa ni kufanya kazi moja mara mbili.

Kwa wasiojua ngoja nieleze. Mgonjwa akifika anaingizwa kwenye mfumo, jina, umri, kijiji, namba ya simu, bima au keshi, akitoka hapo dalili, vipimo, dawa. Sawa. Tukimaliza tunafungua kitabu cha MTUHA (vile vitabu vya serikali vya kumbukumbu za wagonjwa) namba 5, kile cha wagonjwa wa nje, tunaandika yale yale kwa peni. Kliniki ya wajawazito wana namba 6, leba namba 12, wodini namba 14, kila mtu na kitabu chake na bado kompyuta inamsubiri. Mwisho wa mwezi tunakaa na hivyo vitabu tunahesabu mstari kwa mstari, malaria chini ya miaka 5 wangapi, nimonia wangapi, tunajaza fomu ya ripoti, halafu mtu wa takwimu anaichukua hiyo fomu anaiingiza DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya za nchi nzima. Yaani taarifa niliyoichapa mwenyewe kwenye kompyuta tarehe 3 inaandikwa kwenye karatasi, inahesabiwa kwa kidole, inaenda kuchapwa tena kwenye kompyuta nyingine! Rais Samia ameshasema mifumo ya serikali isomane. Sasa kwetu huku haisomani, na daraja la kuiunganisha ni mkono wa nesi.

Na usiniambie acha kitabu. Wakija wakaguzi kitu cha kwanza wanaomba ni kitabu, wakikuta mistari mitupu unaandika barua ya kujieleza. Ukiacha mfumo unaitwa mgumu wa kubadilika, ukiacha kitabu unaitwa mzembe, na mgonjwa yuko mbele yako anakusubiri.

Huyo mgonjwa ndiye anayeniuma zaidi. Bibi katoka kijijini huko Bahi na gari la alfajiri, presha iko juu, foleni imefika mlangoni, mtandao unasuasua, nimekodolea macho skrini nasubiri ukurasa ufunguke. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona hunitazami?" Nilikosa jibu. Ndugu zake kule nyuma wanasema kwa sauti manesi wa siku hizi wanachezea kompyuta watu wanakufa. Hayo matusi hayamfikii aliyeuleta mfumo bila kuongeza hata kompyuta moja, yananifikia mimi na huyo bibi.

Umeme ukikatika ndo balaa zaidi. Jenereta inapeleka umeme chumba cha upasuaji, na ni haki, hakuna anayebisha. Lakini daktari alishaandika vipimo kwenye mfumo, maabara hawavioni, kontro namba (ile namba ya malipo ya serikali) haitoki kwa hiyo mgonjwa hawezi kulipa, famasi hawawezi kutoa dawa bila kuona malipo. Tunarudi kwenye vikaratasi. Umeme ukirudi jioni tunaambiwa hakikisheni wagonjwa wote wa leo wameingizwa kabla hamjaondoka, kazi ya tatu hiyo, na ovataimu hakuna.

Mafunzo ndo usiseme. Semina walienda mainchaji (wasimamizi wa wodi) na wakuu wa idara, sisi tukaambiwa mtaelekezana. Nani anamwelekeza nesi aliye peke yake zamu ya usiku? Mtu wa IT anatoka saa tisa na nusu kama ofisi nyingine zote za serikali, leba haifungwi saa tisa na nusu jamani! Na waajiriwa wapya wanakaa muda mrefu hawajafunguliwa akaunti, wanaambiwa watumie ya mwenzao. Hili ni hatari kubwa na hakuna anayeshtuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa sheria hiyo, halafu paswedi moja inazunguka wodi nzima. Siku dawa ikitolewa vibaya jina litakalosoma kwenye mfumo ni la mwenye akaunti, hata kama siku hiyo alikuwa ofu.

Mnaosema hatupendi teknolojia nijibuni hili. M-Pesa imeingia Tanzania 2008, nani alitukalisha semina? Manesi, wahudumu wa usafi, mama zetu vijijini Chemba na Mpwapwa wote wanatuma na kupokea hela kwa simu, kwa sababu iliwaondolea shida ya kumpa dereva wa basi bahasha. Ratiba yetu ya zamu inatumwa WhatsApp na hakuna anayelalamika. Kuna Mmarekani anaitwa Fred Davis aliliandika hili tangu 1989, kwamba mtu anakubali kutumia mfumo akiona unamsaidia kazi yake na hautamtesa kuutumia. Waingereza na utajiri wao walianza mradi mkubwa wa kompyuta kwenye hospitali zao mwaka 2002, wakamwaga mabilioni ya pauni, 2011 serikali yao ikatangaza kuuvunja, na moja ya lawama ilikuwa madaktari na manesi hawakushirikishwa vya kutosha. Na wale nao ni washamba wa Dodoma?

Na mfumo una faida, sitaki mtu aje hapa aseme napinga. Majibu ya maabara kuonekana kwa daktari bila mtu kukimbia na karatasi ni jambo kubwa. Faili halipotei. Hela hazipiti mifukoni mwa watu. Tuna sista mmoja mtu mzima, anakaribia kustaafu, anachapa kwa kidole kimoja, lakini ndiye anayeutetea kuliko wote kwa sababu amehangaika na mafaili yaliyopotea miaka yote ya kazi yake. Huyo naye mnamuita anahujumu?

Tunachotaka kinajulikana. Idara ambayo mfumo umekaa sawa iruhusiwe kwa maandishi kuacha kitabu, mkaguzi akija asome kwenye mfumo. Ripoti ya mwezi itoke humo humo iende DHIS2. Kompyuta za mapokezi na famasi zipate betri ya akiba. Kila mtumishi awe na akaunti yake siku anayoripoti kazini, na usiku kuwe na namba ya mtu wa IT inayopokelewa. Na kabla ya kuleta mfumo mwingine njooni mkae na sisi zamu nzima, mtuulize.

Wadau mlioko Kongwa, Kondoa, Manyoni, Singida, kwenu mmeshaondolewa vitabu au na nyie mnaandika mara mbili? Na kama kuna kituo wameruhusiwa kuacha vitabu, semeni waliombaje na nani aliwasainia, nasi tupeleke barua kwa mkurugenzi wiki hii.