Cancún usiku: mgeni alindwe kwa bunduki, au kwa kukagua chupa na teksi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Leo naomba tutoke kidogo nyumbani twende Cancún, Meksiko, mji wa mahoteli ulioko pwani ya Karibea. Wengi wetu tulilisikia jina hilo mwaka 2003, mkutano wa Shirika la Biashara Duniani ulipovunjika na mjumbe wa Kenya akatoka nje kuwaambia waandishi kwamba yamekwisha. Siku hizi linatajwa kwa mengine: disko, pombe na risasi.

Kila magenge yanapopigana karibu na hoteli, serikali hujaza askari ufukweni. Mimi nasema askari wale wanalinda sura ya mji kuliko wanavyomlinda mtu. Anayepinga apinge kwa hoja.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Cancún ni mji uliojengwa na serikali kuanzia mwaka 1970 kwa makusudi ya kuvuta dola. Eneo la hoteli ni ukanda mwembamba wa mchanga, zaidi ya kilomita 20, bahari huku na maji ya Nichupté kule. Barabara kuu ni moja, Boulevard Kukulcán, na watu huelekezana kwa namba za kilomita. Disko kubwa zimerundikana karibu na kilomita ya 9, Punta Cancún. Wapishi, wahudumu na wasafisha vyumba hawalali pale. Wanalala ng'ambo, kwenye mji wenyewe, ambao sensa ya 2020 iliukuta ukikaribia watu laki tisa.

Sasa tazameni mfululizo huu. Oktoba 2021, Tulum, mji mwingine wa pwani hiyo hiyo, wanawake wawili wa kigeni waliuawa mkahawani kwa risasi ambazo hazikuwa zao. Wauza unga walikuwa wanagombania eneo. Novemba, watu wenye silaha walitua kwenye ufukwe wa hoteli Puerto Morelos, kusini kidogo mwa Cancún, wakaua wawili mchana kweupe, wageni wakakimbilia vyumbani na jikoni. Desemba serikali ikaleta kikosi maalum cha Guardia Nacional, yaani Gadi ya Taifa, kwa ajili ya utalii, askari zaidi ya 1,400. Haya, Januari 2022 Wakanada wawili wakapigwa risasi na kufa ndani ya hoteli karibu na Playa del Carmen, mji mwingine wa pwani hiyo. Maafisa walisema ni madeni ya biashara ya unga. Askari mwenye bunduki kubwa amesimama mchangani kwenye jua, muuaji anaingia mapokezi kama mgeni mwingine yeyote. Kipi kimelindwa hapo?

Kijana wa Likoni

Kaka, umeandika vizuri lakini unaongea kama mtu ambaye hajawahi kukosa kazi kwa sababu ya tangazo la ubalozi. Mei 2014 Waingereza walitoa onyo kuhusu Mombasa, kampuni za utalii zikaleta ndege kuchukua wateja wao kabla likizo haijaisha. Hoteli zilifungwa. Waliorudishwa makwao ni wapishi na vijana wa kubeba mizigo. Kwa hiyo usiidharau sura ya mji. Sura ndiyo ugali wetu.

Uwanja wa ndege wa Cancún unapitisha kama abiria milioni 30 kwa mwaka. Hao wakiogopa, huyo mhudumu unayemlilia atakula nini? Askari aonekane. Hata asipofyatua risasi maisha yake yote, kuonekana kwake ni kazi tosha.

Nipo Houston

Mimi nimekwenda huko na wenzangu, naongea nilichokiona. Tatizo kubwa ni sisi wageni. Marekani huruhusiwi kunywa mpaka ufikishe miaka 21, Meksiko ni 18. Basi kila Machi vyuo vinapofunga, watoto wanashuka kwa maelfu. Disko zinauza kiingilio kinachojumlisha vinywaji: ukishalipa mlangoni, unakunywa mpaka alfajiri bila kuhesabu. Saa tisa za usiku utaona mtu anaingia baharini na nguo zake. Upande wa mashariki wa ule ukanda una mikondo mikali, bendera nyekundu zipo, lakini usiku nani anaona bendera?

Na unga tunanunua sisi. Hao wanaouana wanagombania mifuko yetu. Funga disko zote saa saba usiku, nusu ya matatizo yatakwisha.

Bi. Msafiri

Ndugu zangu, wanaume mnabishana kuhusu bunduki kwa sababu mnapoingia baa mnaangalia mlango. Sisi tunaangalia glasi.

Mwaka 2017 gazeti la Milwaukee Journal Sentinel la Marekani liliandika habari za wageni waliopoteza fahamu katika hoteli za Meksiko, pamoja na ukanda huu, baada ya vinywaji vichache tu. Wengine waliibiwa, wengine walibakwa, binti mmoja alikutwa kwenye bwawa la hoteli na hakupona. Serikali ilipoamka ikakagua, ikakamata galoni kama 10,000 za pombe yenye mashaka kwa mtengenezaji mmoja. Iwe pombe iliyochakachuliwa kiwandani au kile ambacho Nairobi tunakiita kuwekewa mchele, yaani kutiliwa dawa ya kulewesha kwenye kinywaji, askari wa ufukweni hakioni. Na ile ya kunywa bila kuhesabu inafaa sana kuchakachua, maana mwenye baa kila chupa ghali anayomimina ni hasara kwake.

Halafu kuna polisi wenyewe. Novemba 2020 wanawake wa Cancún waliandamana hadi ofisi za manispaa baada ya msichana wa miaka 20 kuuawa. Polisi walifyatua risasi kuwatawanya, waandishi wa habari wakajeruhiwa. Ndipo nauliza: mimi mgeni nikipatwa na jambo usiku, nimkimbilie huyu aliyewapigia risasi wanawake wa mji wake?

Kijana wa Likoni

Dada, hapo kwenye polisi sina la kusema. Lakini mkaguzi wa pombe naye ni mtu. Anapewa kitu kidogo, anasaini, anaondoka na chupa ya zawadi. Askari angalau yuko barabarani kila mtu anamwona.

Mzee wa Stendi

Mnasahau kitu kimoja: mtu akitoka disko anarudije kulala? Nimeendesha teksi miaka mingi na nawaambieni usiku wa mgeni huharibikia kwenye gari. Cancún teksi hazina mita, bei hupangwa kwa maeneo na eneo la hoteli ndilo ghali. Uber ilipopata uamuzi mzuri mahakamani Januari 2023, wenzetu wa teksi waliwavamia madereva wa programu na kufunga Kukulcán. Barabara kuu ni hiyo hiyo moja, kwa hiyo wageni wakaburuta mabegi kwa miguu na polisi wakawabeba wengine kwa magari ya doria wasichelewe ndege. Ubalozi wa Marekani ukatoa tahadhari. Nawaelewa wale madereva, wamenunua vibali kwa fedha nyingi. Kumtoa abiria kwenye gari la mwenzako, hapana.

Lakini mabasi yapo. R-1 na R-2 zinapita ukanda mzima hadi mjini, nauli ndogo, nazo ndizo zinazobeba wafanyakazi. Mgeni mlevi akipanda basi lenye wapishi ishirini wanaotoka zamu yuko salama kuliko kwenye teksi asiyoijua. Ongezeni mabasi ya usiku, muweke mataa vituoni.

Pwani Moja

Mzee, mlevi gani atakumbuka namba ya basi? 😂

Mzee wa Stendi

Mwanangu, hata akisahau namba, likienda mbele au nyuma litampitisha hotelini kwake. Ukanda ni mmoja.

Mleta mada

Nianze na aliyeko Houston. Kufunga saa saba naliona wazo la mtu anayejua ataondoka Jumapili. Kiu haifungwi kwa saa. Disko za ukanda zikifunga, watu watavuka kwenda baa za mjini, na huko ndiko balozi zinakowaonya wageni wawe waangalifu giza likiingia. Kumbukeni baa ya Castillo del Mar, Agosti 2010. Ilikuwa nje ya eneo la hoteli. Watu walirusha chupa za petroli, wanane wakafa. Maafisa walisema baa ilikuwa imedaiwa fedha za ulinzi na magenge kabla ya hapo. Usiku huo haukuzungumzwa duniani kama ule wa Januari 2017, risasi zilipopigwa kwenye tamasha la muziki Playa del Carmen wakafa watano. Wanane wa kwanza walikuwa kwenye baa ya wenyeji, ndiyo sababu.

Kijana wa Likoni, ugali naujua. Lakini askari wakiwa ukandani tu, magenge yanakusanya kodi yao mjini bila bughudha, na mwenye baa aliyekamuliwa huko ndiye atanunua pombe ya bei ya chini. Mambo haya ni mnyororo mmoja. Na msiniambie ukanda ule haulindiki. Mwaka huo wa 2003, mawaziri wa biashara walipokuwa ndani, waliweka uzio kwenye mlango wa eneo la hoteli na waandamanaji wakabaki nje. Nia ikiwepo, uwezo upo.

Nami bunduki sizifuti zote. Agosti 2023 wanamaji walifunga maduka ya dawa 23 kwenye pwani hii, yaliyokuwa yakiwauzia wageni vidonge ambavyo hawakupaswa kuuziwa. Kazi ile ilihitaji watu wenye silaha, lakini ilikuwa na anwani. Doria ya mchangani haina anwani.

Nipo Houston

Sawa, saa saba naiondoa. Lakini kiingilio cha kunywa bila kuhesabu kipigwe marufuku. Hapo sirudi nyuma.

Bi. Msafiri

Hapo niko nawe. Ila swali la Kijana wa Likoni halijajibiwa, nalo ni zito kuliko mnavyolichukulia. Mkaguzi akila, nani amkague?

Mleta mada

Mwaka 2017 mambo yalisogea familia zilipoongea na gazeti likaandika. Kwa hiyo ripoti za ukaguzi zibandikwe mlangoni pa kila baa na disko, kwa Kihispania na Kiingereza, na tarehe yake. Baa iliyofungiwa itajwe jina na sababu.

Kijana wa Likoni

Wenye hoteli hawatakubali kamwe. Jina la baa moja likitajwa, wateja wa hoteli kumi wanaghairi.

Bi. Msafiri

Baba, wasipokubali si tutajua wapi pa kutokwenda?